Mwanzi Mgongoni, Mkone Tumboni

Karakana yangu iko Kisauni, na kinachonilisha ni vitanda, milango na makabati. Habari ya upinde ilianzia kwa mjomba wangu, Kaloleni ya Kilifi. Nyumbani kwake kulikuwa na uta wa babu uliochomekwa chini ya paa la makuti tangu mimi sijazaliwa, na kila tulipokwenda huko likizo nililala chali nikiutazama mpaka usingizi ukanichukua.

Mwaka 2019 tulikwenda kwa msiba. Usiku wa pili nikamwomba mjomba anitolee nikaushike. Ulikuwa mwepesi kupita kiasi, kwa kuwa mchwa walishaingia ndani na kubakisha ganda. Wala sikuuvuta. Niliukunja kidogo tu juu ya goti, ukakatika. Mjomba hakunena neno. Aliviokota vile vipande viwili, akavisimamisha pembeni ya kitanda, akatoka nje kwa wageni.

Nimefanya useremala miaka 22 na sijawahi kuuonea mkono wangu uchungu kama usiku ule. Nilirudi Mombasa nimeshakata shauri kwamba nitamuundia mwingine. Ilinichukua miaka mitatu, na pinde mbili ziliharibika mikononi mwangu kabla sijampelekea wa tatu. Naandika haya kwa sababu nimekutana na vijana kadhaa hapa mjini wanaotaka kujaribu kazi hii, na wote wanaanzia pale pale nilipoanzia mimi. Wanadhani shida ni kupata mwanzi wenye nguvu.

Upinde wa asili huchongwa kwa mti mmoja. Unatafuta mti mwembamba ulionyooka, usio na vifundo, unauchonga upande mmoja, na ule upande wa gome unauacha nyuzi zake zikiwa nzima. Mti wa namna hiyo mjini huupati. Ninazozipata mimi ni mbao, na mbao imeshapita kwenye msumeno; nyuzi zake zinaanzia huku na kuishia kule, hazifuati urefu. Sasa, upinde ukivutwa, upande unaotazama shabaha, yaani mgongo, unanyooshwa. Ule unaomtazama mpigaji, yaani tumbo, unabanwa. Mbao yenye nyuzi zilizokatika ikinyooshwa inapasuka mgongoni, na vipande vinaweza kukurukia usoni. Dawa yake ni kuuvisha mgongo kitu ambacho nyuzi zake zimekwenda moja kwa moja toka ncha hadi ncha, na hapo ndipo mwanzi unapoingia. Wajapani walilijua hili karne nyingi zilizopita: upinde wao, yumi, wenye urefu wa zaidi ya mita 2, ni mbao iliyovishwa mwanzi mbele na nyuma. Mimi sikuhitaji pande zote mbili. Nilihitaji ubao mmoja wa mwanzi mgongoni, mti mzuri tumboni, na gundi baina yao.

Mwanzi niliupata Bamburi, kwenye kiwanja kilichokuwa kinafyekwa. Ulikuwa ule wa manjano unaopandwa pwani kwa ua na kivuli. Nilikata mashina sita, nikayasimamisha nyuma ya karakana yakauke. Baada ya miezi miwili nikakuta unga laini umetapakaa chini yake kama unga wa mhogo. Nilipopasua shina moja, ndani ni vitundu vitupu. Mwanzi huu una wanga mwingi, na wadudu wanafuata ule wanga. Fundi mmoja wa mashua ndiye aliyenielekeza. Alisema nikate mwanzi uliokomaa, wa miaka mitatu kwenda juu, ambao umeshapukutisha maganda yake na kuota madoa, kisha niupasue na kuuzamisha majini wiki tatu ili wanga utoke. Nikatumia pipa. Yale maji yalinuka vibaya hata jirani yangu anayeuza mahamri akaja kuniuliza, "Fundi, kuna kitu kimekufa huko nyuma?" Ikabidi niwe nayabadilisha kila baada ya siku tatu. Tangu hapo sijauona ule unga tena.

Upinde wa kwanza niliuunda kwa mvule, kipande kilichobaki kwenye mlango wa mteja. Mwanzi niliuacha na unene wa milimita 6. Hoja yangu ilikuwa kwamba kama mwanzi ndio wenye nguvu, basi ukiwa mnene zaidi upinde utakuwa imara zaidi. Hilo ndilo kosa kubwa nililofanya katika kazi hii yote, na kama msomaji atashika kitu kimoja tu katika haya ninayoyasimulia, ningependa ashike hiki.

Mwanzi haunyooki kirahisi. Nyuzi zake ngumu zimesongamana karibu na ngozi ya nje. Kadiri unavyoingia ndani zinapungua na nyama yake inakuwa laini. Ukiubandika mnene mgongoni, mgongo unakataa kunyooka, na upinde hauna budi kupinda, kwa hiyo kazi yote inaliangukia tumbo. Tumbo linabanwa kupita linavyostahimili. Mimi nilikuwa nimemweka mtu hodari na mtu dhaifu kubeba mzigo mmoja, kisha nikamwongezea nguvu yule hodari.

Ulipinda vizuri kwa macho. Jioni ile nilipiga mishale kama arubaini kwenye gunia, na nikalala nikiwa na furaha. Asubuhi niliupakata, nikapitisha ukucha wa kidole gumba tumboni kutoka kishikioni kwenda nchani, na karibu na katikati ya mkono wa juu wa upinde ukucha ukakwama. Nikatazama, sikuona kitu. Nikaupeleka mlangoni penye jua, nikauinamisha mpaka mwanga ukaupiga ubavuni, ndipo nikaiona: mistari saba au minane, myembamba kama unywele, imeikata mbao kwa kukingama kama mikunjo ya kiganja. Nyuzi za mvule zilikuwa zimekunjamana na kuingiana. Mbao ikishafika hapo hairudi tena. Kila siku mistari iliongezeka, na baada ya wiki mkono ule ukawa haunyooki hata upote, yaani kamba ya upinde, ukivuliwa. Mwanzi mgongoni haukuwa na mchubuko wowote.

Wa pili nilitumia mtiki, kipande cha mbao ya mashua nilichopewa na yule yule fundi, na mwanzi nikaupunguza hadi milimita 3. Hapo mbao sikukosea sana. Nilikosea gundi. Ilikuwa Machi, wakati wa maleleji, kaskazi imelegea na kusi haijaingia, hewa imesimama na jua linachoma bati la karakana tangu asubuhi. Mchana, nikiwa na kitanda cha mteja kinachonisubiri, nikachanganya gundi ya epoksi yote kwa pamoja ndani ya kikombe. Gundi hii ikiwa inaganda inatoa joto, na ikiwa nyingi mahali pamoja lile joto linaihimiza igande upesi zaidi. Sijafika hata nusu ya ubao, kikombe kikaanza kufuka moshi. Ningeacha pale pale, nifute, nianze siku nyingine. Badala yake nikaipaka hivyo hivyo ilivyokuwa nzito, nikafunga.

Juu ya hilo kulikuwa na jambo la pili ambalo seremala wa miaka yangu alipaswa kulikumbuka. Mtiki una mafuta yake ya asili; ndiyo maana watu wa bahari wanaupenda, hauozi upesi. Lakini mafuta yale yale yanaikataa gundi. Inatakiwa uufute kwa asitoni na kitambaa safi muda mfupi kabla ya kupaka, tena na tena mpaka kitambaa kitoke bila rangi. Sikuufuta. Wiki ya pili, nikiwa nauvuta taratibu, nikasikia sauti kama ya kanga inayochanwa, na mwanzi ukainuka kuanzia nchani. Nilipopafungua nikaona upande wa mwanzi umebeba gundi yote, na upande wa mtiki uko safi, unang'aa, kana kwamba haujawahi kuguswa.

Nilikaa karibu mwaka mzima bila kushika kazi hiyo.

Kilichonirudisha ni safari ya Changamwe, kwa wachongaji vinyago wa Kikamba, ambako huwa nakwenda kununua vipande vya mpingo vya kutengenezea vishikio vya makabati. Wakamba ni watu wa upinde tangu enzi za mababu, na pale kuna mzee mmoja ambaye nilishawahi kumsikia akisimulia habari za Wawaata, wale waliokuwa wakiwinda ndovu pande za Tsavo kwa pinde nzito na mishale ya sumu. Siku ile nilibeba ule upinde wa mvule ndani ya gunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Aliutoa, akaupima uzito kwa mkono mmoja, akapitisha kidole tumboni pale pale palipokunjamana, akaunusa.

"Mbao hii ina maji."

"Mzee wangu, hii mbao ina miaka miwili ndani ya karakana."

"Ndani ya karakana ya Mombasa," akasema, akanirudishia.

Maneno yale niliyachukua nyumbani na hayakuniacha. Mbao haikauki kwa hesabu ya miaka. Inakauka mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka, halafu inakaa hapo hapo. Hewa ya kisiwani na pembezoni mwake ni ya bahari, imejaa unyevu mwaka mzima, kwa hiyo mbao yetu hata ikikaa miaka kumi inabaki na maji ya kama asilimia 14 au 15. Kwa kitanda hilo si tatizo. Upinde unataka kama asilimia 8 hadi 10, kwa sababu mbao yenye maji ni laini kubanwa, na inayoumia upindeni ni ile inayobanwa. Kumbe ule mvule niliuonea mara mbili. Kwanza nilimpa mwenzake mwenye nguvu kupita kiasi, kisha nikampeleka kazini akiwa mbichi.

Niliporudi kwa mzee mwezi uliofuata alikuwa ameniwekea gogo la mkone, lililotoka kwa ndugu zake bara, unene wa kama kifundo cha mguu, limekaa kivulini misimu miwili. Mkone ni mti mdogo wa nchi kavu, jamii ya Grewia, na watu wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki wameuchongea pinde na fimbo tangu zamani. Ni mgumu, mzito, na unavumilia kukunjwa. Akaniuliza kwa nini nisiuchonge peke yake, mwanzi wa nini. Nikamwonyesha vifundo viwili upande wa mgongo. Ningevisawazisha ningezikata nyuzi. Akakubali. Tulipokuwa tukiagana akasema, "Samaki mkunje angali mbichi, lakini upinde, kijana wangu, mkunje umeshakauka."

Nililipasua gogo, nikatoa ubao wa urefu wa sentimita 175, nikautengenezea sanduku. Sanduku lenyewe ni plaiwudi, limetobolewa matundu huku na huku, na ndani yake balbu mbili za zamani, zile zinazotoa joto, ziko chini kabisa mbali na mbao. Joto liwe la kukufanya uondoe mkono polepole, lisiwe la kukuunguza. Kila Jumamosi nilikuwa nautoa ubao na kuuweka kwenye mizani ya jikoni. Wiki ya kwanza ulikuwa na gramu 1,214. Ukashuka, ukashuka, na wiki ya tano na ya sita ukasimama kwenye 1,150, haukusogea tena. Ndipo nikajua umemaliza kutoa unyevu ulioupata kwenye hewa ya Kisauni. Huna haja ya kifaa cha bei kubwa cha kupimia unyevu. Mizani ikikataa kushuka wiki mbili mfululizo, mbao iko tayari. Mwanzi nao niliuweka humo humo.

Upande wa ndani wa mwanzi niliuranda ukawa bapa kabisa. Hii ni kazi ya subira, kwa kuwa mwanzi unapinda kwa urefu na kwa upana, na pale penye fundo randa inaruka. Nilianza na milimita 3 kishikioni na kumalizia na 2 nchani, kingo zikiwa nyembamba kama ukingo wa sahani. Upande wa nje sikuugusa ila kwa msasa laini wa kuondoa ule utelezi. Zile nundu za mafundo kwa nje zinatamanisha kuzisawazisha, zinaonekana kama kasoro. Usizisawazishe. Ukizikata umezikata nyuzi, na umeondoa sababu yenyewe ya kuutumia mwanzi.

Kubandika nilikufanya baada ya swala ya alfajiri, saa ambayo bati la karakana bado lina ubaridi. Nyuso zote mbili nilizikwaruza kwa meno ya wembe wa msumeno wa chuma mpaka zikawa na michirizi myembamba ya kuishika gundi, nikazifuta kwa asitoni hata kama mkone hauna mafuta kama mtiki. Gundi safari hii niliichanganya kidogo kidogo kwenye sahani pana, imetandazwa, ili joto lake liwe na pa kutokea. Nikapaka pande zote mbili. Nikavitumbukiza vibao viwili, kimoja juu ya kingine, ndani ya karatasi ya nailoni ili visigandane na kitu kingine, nikavilaza juu ya boriti yenye vigingi vitatu vilivyopangwa ili ncha zote mbili zipindie mbele, kinyume na zitakavyovutwa, sentimita 5. Upinde ukibandikwa umepinda kinyume, unaanza safari yake na akiba. Hata ukilegea kidogo baadaye hautabaki umejikunyata.

Badala ya klampu nilitumia blada, vipande vya tyubu ya lori vya upana wa vidole vitatu. Kijana wangu wa kazi alishika mwisho mmoja, nami nikawa navuta na kuzungusha, navuta na kuzungusha, kutoka kishikioni kwenda nchani, kila mzunguko ukikanyaga nusu ya uliotangulia. Klampu zinabana pale ziliposhika tu. Blada inabana kila mahali sawasawa, na unaiona gundi ikichungulia pembeni kama shanga ndogo ndogo, mstari mmoja usiokatika. Shanga zikikatika mahali, ujue hapo gundi haikutosha. Wala usivute kwa hasira: epoksi haitaki kukamuliwa yote itoke, inataka ibaki utando katikati. Nikauacha siku mbili kivulini, na wiki moja nzima zaidi kabla sijaupinda hata kidogo.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe, kwa sababu yote niliyoyasema ni matayarisho. Kipande kilichobandikwa si upinde. Ni fimbo nzito. Kinageuka upinde kwa kupunguzwa tumboni, kidogo kidogo, mpaka mikono miwili ipinde kwa mkunjo mmoja, hakuna mahali panapofanya kazi peke yake na hakuna mahali palipolala. Nilipigilia kigingi ukutani, nikauegemeza hapo kishikioni, nikafunga upote mrefu wa kujaribia, na kamba yake nikaipitisha kwenye kapi la mashua sakafuni, ili niuvute nikiwa upande wa pili wa karakana na kuutazama kwa mbali. Ukutani nyuma yake nilichora mistari kwa chaki. Kamba ilikuwa na mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki, ili nione kilo.

Kuna hesabu moja ambayo kila anayeshika kazi hii aiweke kichwani. Ukipunguza upana, nguvu inapungua kwa kiasi kile kile. Ukipunguza unene, inapungua kwa kasi kubwa mno: toka milimita 12 hadi 11, umeondoa karibu robo ya ugumu wa mahali hapo. Milimita moja tu! Kwa hiyo randa niliiweka kando mapema, nikachukua kipande cha kioo kilichovunjika, kama wafanyavyo wachongaji, nikawa nakwangua. Kioo kikali kinatoa unyoya mwembamba wa mbao unaojikunja kama ganda la kitunguu. Unyoya ishirini mahali palipo pagumu, unaurudisha ukutani, unauvuta taratibu mara thelathini ili mbao isikie ulichoifanyia, kisha unatazama. Mbao haionyeshi papo hapo. Ukikwangua, ukatazama, ukakwangua tena bila kuuvuta, utashtuka umepitiliza.

Na usiuvute kupita kilo unazozikusudia. Mimi nilikusudia kilo 18. Ikiwa umefika kilo 18 na upote umesogea sentimita 40 tu, simama hapo hapo, ondoa mbao, ndipo usonge. Ukiuvuta hadi kilo 25 ili uone tu, mbao itakunjamana kabla haijawa upinde.

Kwa siku kadhaa mkono wa kushoto ulinisumbua. Niliona kasoro iko lakini sikujua iko wapi. Binti yangu, aliyekuwa amekuja na chakula changu cha mchana, akasimama mlangoni akitazama.

"Baba, huo wa kushoto umekunja goti."

"Wapi?"

Hakunijibu. Akatoa simu, akaupiga picha, akaigeuza kushoto kuwa kulia, akaziweka picha mbili moja juu ya nyingine. Palikuwa na tofauti kama shubiri moja kutoka kishikioni, padogo, palipokuwa panapinda kuliko jirani zake. Mahali kama hapo haparekebishwi kwa kupagusa. Unapunguza pande zake zote mbili mpaka zilingane nalo, na lenyewe unaliacha lipumzike. Ilinichukua jioni tatu, na kila jioni yeye alipiga picha.

Upote niliusokota kwa uzi wa polyesta wa mafundi viatu, nikaupaka nta ya nyuki. Nailoni haifai, inavutika. Nchani nilibandika vipande vya mpingo nikavichonga vidato vya kushika upote, kishikio nikakizungushia ngozi ya mbuzi, na upinde mzima nikaupaka vanishi mara tano, siku baada ya siku, kwa sababu hewa iliyonitoa jasho kuiondoa ndani ya mbao ilikuwa pale pale nje inasubiri kurudi. Ulimalizika na kilo 18 kwenye mvuto wa sentimita 70. Zile sentimita 5 za kupindia mbele zikabaki 3. Nilipitisha ukucha tumboni kila siku kwa mwezi mzima, na haukukwama.

Nilimpelekea mjomba Desemba 2022. Uwindaji Kenya umekatazwa tangu 1977, kwa hiyo tulijaza makumbi ya nazi ndani ya magunia mawili, tukayasimamisha mbele ya kichuguu, tukapiga hapo. Kijukuu kimoja kilitaka kuuvuta na kuuachia mtupu bila mshale, nikakiwahi mkono. Nguvu isipobebwa na mshale inarudi ndani ya upinde wenyewe, na hata upinde mzuri unaweza kupasuka kwa hilo. Mjomba alipiga mara tatu, akakaa kwenye kigoda.

Halafu akaupakata. Hakuutazama mwanzi, ambao ndio kila mtu anausifia kwa vile unang'aa. Aliugeuza tumbo juu, na kwa ukucha wa kidole gumba akaanza kupita polepole kutoka kishikioni kwenda nchani, akaurudia upande wa pili.

"Mjomba, nani alikufundisha kutafuta hapo?"

Akaingia ndani, akatoka na vile vipande viwili vya uta wa babu. Akanipa kimoja, akanishika mkono, akakiweka kidole changu karibu na pale palipokatika. Chini ya masizi ya miaka yote ile, ukucha wangu ukakwama. Nikakielekeza kwenye jua. Ilikuwepo, mistari ya zamani, myeusi, imekingama.

"Uliisha kazi mimi bado kijana," akasema. "Baba aliuvuta sana msimu wa masika, hakuupa muda ukauke. Tuliuweka kwa kuwa ni wake."

"Mbona siku ile hukuniambia?"

"Kulikuwa na msiba, mwanangu. Na kesho yake ulishaondoka."

Tuliuvua upote, tukaulaza upinde mpya juu ya vigingi viwili ukutani, mbali na makuti. Vile vipande akavirudisha pembeni ya kitanda.